Gari la Kazi Lililokatazwa Kazi

Katika Woluwe-Saint-Lambert, manispaa ya mashariki ya Brussels ambayo kwa Kiholanzi huitwa Sint-Lambrechts-Woluwe, nyumba nyingi zilizojengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia zina mpango mmoja: gereji iko chini, usawa wa barabara, na sebule iko juu yake. Mtu anayefufua gari la zamani katika nyumba ya namna hiyo hulala chali chini ya chuma huku watoto wake wakila chakula cha jioni juu ya kichwa chake. Harufu ya petroli na grisi hupanda ngazi bila kubisha hodi. Gari lenyewe likiwa Land Rover la miaka ya 1950, pengine lile lililoundwa Antwerp kwa jina la Minerva, nalo limenunuliwa likiwa na chesesi iliyooza na injini iliyokwama, kazi huhesabiwa kwa miaka. Majirani hudhani ni mchezo wa mtu mwenye nafasi, na mara nyingi hawakosei. Hata hivyo, ndani ya mchezo huo limo swali lisilo la mchezo: mtu anapokirudisha kitu cha zamani katika uhai, anawajibika kwa nani, na kwa lipi?

Sheria imekwisha kulijibu swali hilo kwa namna yake. Tangu tarehe 1 Januari 2018 manispaa zote 19 za Mkoa wa Brussels zimo ndani ya ukanda ambamo magari yenye moshi mchafu hukatazwa, na masharti yake yamekuwa yakikazwa kwa awamu. Gari la petroli la mwaka 1953, lisilo na kifaa chochote cha kusafisha moshi, halina nafasi humo. Lakini lipo lango la pembeni. Gari lililotimiza miaka 30 na kusajiliwa kuwa la kihistoria hupewa namba inayoanza na herufi O, na namba hiyo hulitoa katika katazo. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014 kuhusu ukaguzi wa magari linaeleza sifa za gari la namna hiyo: liwe na umri wa miaka 30 au zaidi, aina yake mahususi iwe haitengenezwi tena, na liwe limedumishwa katika hali yake ya asili bila sehemu zake kuu kubadilishwa sana. Ubelgiji inaongeza masharti ya matumizi. Gari lenye namba ya O halibebi abiria wala mizigo kwa malipo, halitumiki katika biashara, na haliendeshwi kati ya nyumbani na kazini au shuleni.

Masharti haya yakisomwa kwa pamoja, hutoa picha ya ajabu kidogo. Land Rover lilibuniwa kwa ajili ya kazi: kuvuta plau, kubeba magunia, kufika pasipo barabara. Sasa linaruhusiwa kuishi mjini kwa sharti kwamba lisifanye kazi na lisibadilike. Mtunga sheria ana sababu zake, wala si za kipuuzi. Magari haya ni machache, hutembea mara chache, na moshi wake kwa jumla ni mdogo ukilinganishwa na ule wa maelfu ya magari ya dizeli yanayokwenda kazini kila asubuhi. Lakini hoja hiyo inakubali jambo ambalo wapenzi wa magari hawapendi kulitamka: ruhusa yao inasimama kwa sababu watu wengi hawaitumii. Kila mkazi wa Woluwe-Saint-Lambert akinunua gari la miaka 30 ili akwepe katazo, ruhusa itaanguka siku hiyohiyo, tena kwa haki. Fadhila inayotegemea wengine waendelee kuikosa haistahili kuitwa haki ya mtu, na anayeinufaika nayo anapaswa angalau kulijua hilo anapowasha injini mbele ya dirisha la jirani mwenye pumu.

Kuna mfano wa kufikirika na hali hii, nao hauko mbali. Barabara kuu inayopita katika manispaa jirani ya Woluwe-Saint-Pierre huishia Tervuren, kwenye Makumbusho ya Afrika yaliyofunguliwa upya Desemba 2018. Vitu vilivyohifadhiwa humo vimeokolewa na mchwa, moto na unyevu. Vilevile vimeokolewa na mikono ya watu. Ngoma iliyomo kabatini haipigwi, kinyago hakichezwi. Bila shaka tofauti ni kubwa mno kati ya gari lililonunuliwa kwa fedha na kitu kilichochukuliwa chini ya utawala wa kikoloni, na haifai kuzichanganya dhuluma hizo na burudani za Jumamosi. Kinacholingana ni mantiki ya hifadhi: kitu huheshimiwa kwa kunyimwa ile shughuli iliyokipa heshima. Msomaji aliyewahi kusimama mbele ya ngoma iliyonyamaza anaijua hali hiyo bila kufafanuliwa.

Turufu kubwa ya sheria ni neno "asili", na neno hilo likigongwa kidogo hutoa sauti ya debe. Land Rover lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Kabla ya hapo Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa akitumia Jeep lililobaki vitani katika shamba lake kisiwani Anglesey, na gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesesi ya Jeep. Bodi ilifanywa ya aluminiamu kwa sababu chuma cha pua kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo Uingereza baada ya vita. Mwaka 1952 kiwanda cha Minerva kikaanza kuyaunda magari hayo kwa leseni kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Minerva wakaiacha aluminiamu, wakatumia chuma, na madigadi ya mbele wakayainamisha. Hivyo gari ambalo mkarabati wa Woluwe anaapa kulirudisha katika asili yake ni marekebisho ya Kibelgiji juu ya gari la Kiingereza lililotokana na gari la Kimarekani, na kila hatua ilitokana na uhaba, leseni au haraka. Hata kutu yake ni ya Kibelgiji. Mwingereza hupambana zaidi na chesesi na ukuta wa mbele ya dereva, na ule unga mweupe unaotokea pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu na chumvi ya barabarani. Mwenye Minerva hupambana na bodi nzima.

Na hata kama asili hiyo ingepatikana, ni asili ya lini? Mkarabati akichagua rangi ya kijani ya jeshi, amechagua siku gari lilipotoka kiwandani na kulikabidhiwa jeshi. Siku hiyo ni ya kweli, lakini si siku pekee. Kwa Mkikuyu wa Nyeri aliyeishi katika Hali ya Hatari ya 1952 hadi 1960, sauti ya gari la namna hii kijijini ilimaanisha msako. Miaka kumi baadaye, katika Kenya, Tanzania na Uganda zilizo huru, umbo lilelile lilimleta bwana shamba, mganga wa chanjo na sanduku la kura. Katika vijiji vya milimani, kama vile Uluguru na Usambara, Land Rover ndefu ya 109 ilikuwa basi, gari la wagonjwa na gari la maiti, wakati mwingine katika wiki moja. Hakuna kijana wa huko aliyelijali gari hilo kwa kuwa lilifanana na picha ya kiwandani. Kuamua kwamba ukweli wa chombo uko katika siku yake ya kuzaliwa tu, na kwamba yote yaliyofuata ni uchafu wa kufutwa, ni kuichukulia historia ya watumiaji kuwa kasoro ya bidhaa. Mhamiaji kutoka Tanga au Bukavu anayepita mbele ya gereji ile ya Woluwe na kusita kidogo, hasiti kwa sababu ya mwaka 1953.

Wanafalsafa hupenda kulijadili jambo hili kupitia merikebu ya Theseus, ambayo kwa maelezo ya Plutarch Waathene waliihifadhi kwa kubadilisha ubao mmoja baada ya mwingine, hadi wasomi wakabishana kama ilikuwa bado merikebu ileile. Pwani ya Waswahili ilikuwa na mfano ulio karibu zaidi. Mtepe wa visiwa vya Lamu ulishonwa kwa kamba za usumba, bila msumari. Kamba huoza, mtepe ulishonwa tena na tena, na kushonwa huko kulikuwa sehemu ya maisha yake, si tukio la kuutilia shaka. Ni vigumu kumwazia nahodha akiuliza kama chombo kilichoshonwa upya bado ni kilekile. Angeuliza kama kinavuja.

Waingereza, watu wa vitendo, wamelijibu swali la Plutarch kwa hesabu. Idara yao ya usajili iliwahi kuligawia gari lililobadilishwa sana alama: chesesi alama 5; springi na vifaa vyake 2; ekseli 2; giaboksi 2; usukani 2; injini 1. Lenye alama 8 au zaidi, chesesi ikiwemo, lilibaki na utambulisho wake. Msomaji wa Afrika Mashariki atacheka kuona injini ikipewa alama moja. Kwa makanika wa Kirinyaga Road, Nairobi, au wa gereji bubu yoyote ya Dar es Salaam, injini ndiyo moyo. Lakini hata yeye kwa vitendo anakubaliana na Waingereza, maana moyo huo huung'oa na kuupandikiza mwingine bila simanzi. Land Rover zilizotiwa injini za dizeli za Kijapani si habari huko. Mjini Arusha karakana hukata chesesi za Land Cruiser, huzirefusha, huongeza viti na kutengeneza paa linaloinuka ili mtalii asimame amtazame simba. Gari hutoka likiwa na umbo ambalo mtengenezaji wake wa kwanza hakuliwazia, na linaendelea kulipa ada za shule.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, kwa kumsifu fundi wa Arusha na kumkejeli mhifadhi wa Brussels. Makala nyingi za ughaibuni huishia hapo. Ila moshi hauulizi kama umetoka kwenye gari la mhifadhi au la mhangaikaji. Magari mengi yanayofukuzwa na ukanda wa Brussels hayafi. Katika mtaa wa Heyvaert, mpakani mwa Molenbeek na Anderlecht, biashara ya miaka mingi imekuwa kuyanunua magari yaliyotumika na kuyapeleka bandarini Antwerp, hasa kwa safari ya Afrika Magharibi. Ripoti ya UNEP ya mwaka 2020 ilieleza kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, kwamba takriban asilimia 80 yalikwenda katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba Afrika ilipokea mengi kuliko eneo lingine. Kenya imejikinga kwa ukomo wa miaka minane. Nchi nyingine zimeweka kinga hafifu au hazikuweka. Hewa ya Woluwe inakuwa safi, na hilo ni jema, lakini sehemu ya usafi huo ni uhamisho wa uchafu. Kifua kinachoukohoa kimebadilishwa, si kikohozi.

Kwa mtazamo huu, mtu wa gereji ya chini ya sebule anaonekana tofauti. Amekataa njia mbili zilizo rahisi: kuliuza gari liwe tatizo la mtu wa mbali, na kulipeleka kwenye mashine ya kusaga chuma ili tani moja na zaidi ya madini yaliyokwisha kuchimbwa, kuyeyushwa na kufinyangwa ianze safari upya. Tatizo lake ameliweka nyumbani, chini ya watoto wake mwenyewe. Halijawa safi kwa sababu hiyo, lakini limekuwa lake.

Katika kuliweka huko ndipo panapoonekana kipimo kilicho bora kuliko uasilia. Kipimo hicho ni ukweli wa kazi. Fundi anayeikagua chesesi huigonga kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi boriti ya nyuma, ambayo ndiyo huoza mapema. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya mfu. Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukata hadi penye uzima, kuchomelea kipande kipya na kuacha mshono uonekane. Ya pili ni kubandika bati juu ya uozo, kulisawazisha kwa puti na kupiga rangi nzuri. Katika picha, gari la pili litaonekana "asili" zaidi. Litapendeza katika maonyesho, na litamvunjikia mtu njiani. Puti haina hatia. Hatia iko katika kumnyamazia mnunuzi, au yule kijana ambaye miaka 20 baadaye ataweka jeki mahali palepale kwa kuamini kwamba pana chuma.

Wahenga waliosema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wakiwaonya wafanyabiashara, lakini methali hiyo inafaa kubandikwa juu ya meza ya spana. Mkarabati mwaminifu huandika: chesesi imebadilishwa kwa mpya iliyochovywa katika zinki, breki zimeongezewa nguvu, mikanda ya usalama imefungwa, ingawa gari la 1953 halikuwa nayo, giaboksi ni ya gari jingine la mwaka fulani. Kwa daftari hilo marekebisho huacha kuwa udanganyifu. Na pasipo daftari, hata gari ambalo halikuguswa linaweza kusema uongo, kwa kuwa hakuna ajuaye ni kipi humo kilichosalimika na ni kipi kilichobahatika tu. Mikanda ya usalama, kwa njia, ni jaribio zuri la imani ya mhifadhi. Anayekataa kuifunga kwa ajili ya uasilia, kisha akamketisha mwanawe kwenye kiti hicho, ameiweka historia ya kiwanda mbele ya mbavu za mtoto. Hapo hakuna mjadala wa falsafa wa kufanywa.

Manispaa hiyohiyo ina jengo ambalo lingefaa kutembelewa na kila mtunga kanuni za urithi. Baada ya mgogoro wa lugha wa Leuven mwaka 1968, chuo kikuu cha Wakatoliki cha Kifaransa kilihamishia kitivo chake cha tiba Woluwe-Saint-Lambert. Mapema katika miaka ya 1970 mbunifu Lucien Kroll, aliyefariki mwaka 2022, aliwajengea wanafunzi mabweni yanayojulikana kama La Mémé, akishauriana na wanafunzi wenyewe. Kuta nyingi za ndani zilikusudiwa kuhamishika, na sura ya nje ilifanywa viraka vya mbao, matofali, saruji na vioo, kana kwamba mafundi kumi hawakuwahi kukutana. Wakuu wa chuo hawakufurahi, na Kroll aliondolewa katika mradi kabla haujakamilika. Leo wapenda usanifu hulisafiria. Sasa, jengo lililobuniwa ili libadilishwe na wakazi wake linahifadhiwaje katika hali yake ya asili? Ukizigandisha kuta, umeuharibu mpango. Ukiruhusu kila mkazi ahamishe ukuta, huenda baada ya miaka 50 lisibaki jambo lolote aliloligusa Kroll, na bado mpango wake ukawa hai.

Land Rover la zamani liko karibu zaidi na La Mémé kuliko na mchoro wa ukutani. Limejaa boliti. Bodi yake hufunguka vipande vipande, milango hung'oka kwa mkono, kioo cha mbele hulala juu ya boneti. Waliolibuni walijua kwamba litavunjika mbali na kiwanda, na kwamba atakayelitengeneza atakuwa mkulima mwenye spana chache. Utengenezekaji ulikuwemo katika wazo la kwanza. Ikiwa kuna kitu kinachostahili kuitwa asili ya gari hili, utayari huo una dai kubwa kuliko rangi au kabureta. Basi mtu anayeliongezea breki bora, au anayeitoa injini yake yenye moshi na kuipandikiza iliyo safi zaidi, huenda ameikaribia asili kuliko yule aliyetafuta Ulaya nzima skrubu yenye nembo sahihi.

Gharama ya uchaguzi huo iko wazi. Kadiri anavyozibadilisha sehemu kuu, ndivyo anavyoiweka rehani namba yake ya O. Akiipoteza, gari litahesabiwa kama mengine, litakaguliwa kwa vipimo vya mengine, na huenda lisipite. Mwenzake aliyeiacha injini ya 1953 itoe moshi wake wa 1953 atampita barabarani kwa amani ya sheria. Hapo ndipo sheria inapomwadhibu mtu kwa kufanya kile ambacho ukanda wenyewe ulianzishwa ili kukitafuta. Lingekuwa jambo dogo kulirekebisha: kuyatambua mabadiliko yanayopunguza moshi au kuongeza usalama, yaliyoandikwa na kukaguliwa, kuwa sehemu ya uhifadhi wa gari. Lakini kanuni za urithi huandikwa na watu wanaofikiria makabati ya vioo, na kanuni za hewa huandikwa na watu wanaofikiria magari mapya.

Wakati hayo yakisubiriwa, mkarabati anabaki na maamuzi madogo ya kila jioni, na mengine hayahusu sheria yoyote. Land Rover za mwanzo zilifungwa kwa boliti za vipimo vya zamani vya Kiingereza. Baadaye vikaja vipimo vingine, hatimaye milimita. Gari lililopita katika mikono mingi huwa na vyote vitatu, na boliti ya milimita iliyolazimishwa kuingia katika tundu la Kiingereza hushika kwa mizunguko miwili au mitatu, kisha hulikwangua tundu. Aliyeilazimisha huwa amekwisha kwenda zake. Mtu wa Woluwe akiikuta, hulazimika kulitoboa tundu upya, kulitia uzi mpya, na kuandika kwenye daftari kwamba mahali hapo, upande wa kushoto, nyuma ya gurudumu la mbele, spana ya namba 13 ndiyo inayofaa.